Neno "Mstaafu" Kati ya Kambi ya Jeshi na Jimbo la Uchaguzi

Askari aliyeacha jeshi akagombea kiti cha Bunge la Tanzania hutajwa kwa maneno mawili yaendayo pamoja, cheo chake na neno mstaafu: "Kapteni mstaafu", "Kanali mstaafu". Makala haya yaeleza asili ya neno hilo na kazi lifanyayo wakati wa kampeni. Jambo lenyewe si dogo, maana ndani yake mna swali la kama mtu aliyevua sare aweza kuingia katika ushindani wa kiraia hali bado amevikwa cheo.

Kitenzi staafu asili yake ni Kiarabu, istaʿfā, yaani kuomba kusamehewa wajibu. Katika Kiswahili maana imesogea. Astaafuye leo ni yule hasa aliyetimiza umri au muda wa utumishi akapewa haki zake. Atokaye kabla ya hapo husemwa kuwa amejiuzulu au ameacha kazi. Hata hivyo maana ya kale haikufa kabisa, kama historia ya askari wanasiasa ionyeshavyo.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hupita Kibaha, kisha hufika Mlandizi, katika jimbo la Kibaha Vijijini. Jeshi si geni kwa wenyeji wa hapo. Karibu nao ipo kambi ya Ruvu ya Jeshi la Kujenga Taifa, jeshi lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Na timu ya Ruvu Shooting, iliyotoka katika jeshi hilo, ilicheza mechi zake katika uwanja wa Mabatini, Mlandizi. Kwa mkazi wa mahali hapo kambi ni makao ya askari. Lakini zamani alipokuwa akisikiliza habari za Bunge alisikia "Kambi Rasmi ya Upinzani", na hao walikuwa wabunge wasiobeba silaha. Neno kampeni nalo lina safari kama hiyo: limetoka katika Kiingereza, nacho kililipata kutoka lugha za Ulaya zenye asili ya Kilatini, ambako campus ni uwanda, na kampeni ilikuwa ni kutoka kwa jeshi kwenda vitani. Basi lugha ya uchaguzi ilikuwa imekwisha kuazima kwa askari kabla askari mwenyewe hajagombea.

Mbele ya Mlandizi, katika barabara hiyo hiyo, ipo Chalinze, na huko ndiko uliko mfano ulio wazi zaidi katika Mkoa wa Pwani. Jakaya Mrisho Kikwete alikuwa ofisa wa jeshi na papo hapo mtumishi wa chama. Katika miaka ya 1980 alikuwa katibu wa Chama cha Mapinduzi Nachingwea na Masasi. Zamani hizo mambo hayo mawili hayakupingana, kwa kuwa baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 serikali iliunda jeshi jipya ambalo askari wake waliruhusiwa, tena walihimizwa, kuwa wanachama. Mwaka 1990 Kikwete alikuwa mbunge wa Bagamoyo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 ilimpasa kuchagua; akatoka jeshini akiwa Luteni Kanali, na katika uchaguzi wa 1995 akapata kiti cha Chalinze, alichokishika hadi 2005. Kutoka kwake hakukuletwa na uzee, kwani alikuwa na umri wa miaka 41 tu au zaidi kidogo. Kulikuwa ni kustaafu kwa maana iliyo karibu na ile ya Kiarabu: kuomba kuachiliwa wajibu mmoja ili kushika mwingine.

Sheria imeliweka jambo hili waziwazi. Ibara ya 147 ya Katiba yamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ila haki yake ya kupiga kura yabaki. Mwanalugha ataona kwamba ibara hiyo yapanua maana ya mwanajeshi, ikiwatia humo askari wa Polisi na wa Magereza. Ibara ya 67 nayo yataka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, tena ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Zikisomwa pamoja, maana yake ni moja: hapana askari aliye kazini awezaye kuwa mgombea.

Tofauti ya hali hizi mbili yaonekana hata katika sarufi. Lugha ya gwaride ni ya amri tupu: "Mguu sawa!", "Nyuma geuka!" Haina tafadhali, wala haingoji jibu. Lugha ya jukwaa ni ya dhamiri tegemezi na ya kuomba: "Naomba mnichague", "Naomba ridhaa yenu". Aliyezoea kutii na kutiiwa hulazimika kujifunza kusihi, na wapiga kura husikia upesi kama amejifunza au hakujifunza.

Kuhusu siasa ya wagombea wa namna hii, wasemaji wengine hutumia neno mhafidhina. Shina lake ni lile lile la hifadhi, yaani kutunza kilichopo. Hata hivyo nchini Tanzania ni nadra mgombea kujiita hivyo. Neno hilo zaidi hutupiwa mpinzani. Badala yake husemwa kulinda: kulinda amani, kulinda umoja, kulinda Muungano. Hoja hizo zina wasikilizaji. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991 iliona kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa Tume yenyewe ilishauri mabadiliko. Tena kulinda ni kitenzi cha askari, kilichomo katika jina la Jeshi la Ulinzi; kinywani mwa Kapteni mstaafu hubeba uzito ambao mwalimu au mkulima hana.

Hapo ndipo ilipo thamani ya neno mstaafu. Abdulrahman Kinana ameendelea kutajwa kwa cheo cha Kanali, na George Mkuchika, aliyekuwa mbunge wa Newala, kwa cheo cha Kapteni. Heshima hiyo ni halali. Lakini mara nyingi usemi hufupishwa, mstaafu likaachwa, kikabaki cheo peke yake. Kwa ufupisho huo msikilizaji aonyeshwa kitu ambacho Katiba yakataa: askari aliye kazini akiomba kura. Cheo chaeleza alikotoka mgombea. Mstaafu laeleza kwamba sasa amesimama sawa na wenzake, naye, kama wao, hana budi kuomba. Kwa hiyo watungao kamusi na waandikao habari wasilihesabu neno hili kuwa pambo la jina, maana ndilo lishikalo mpaka kati ya kambi na jimbo.