Kabla Hujatuma Hela ya Kompyuta Mpya

Tunaulizwa sana: nyumbani wamesema kompyuta ya duka la kuchapia imekuwa nzito, nitume hela ya mpya? Subiri kwanza, ndugu yetu. Kama inawaka vizuri, pengine ni prosesa tu imezidiwa, na prosesa iliyotumika ni nafuu kuliko kompyuta nzima.

Shida ni kwamba prosesa haikai kwenye kila mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani. Lazima soketi zilingane. Chukua Dell OptiPlex 3020 ya boksi refu: soketi yake ni LGA1150, ya Intel kizazi cha 4. Ikiwa ndani kuna i3-4130 yenye viini 2, i5-4570 yenye viini 4 inaingia palepale.

Ila jina la soketi pekee lisikudanganye. i5-7400 na i5-8400 zote ni LGA1151, lakini ubao wa kizazi cha 7 hauwashi prosesa ya kizazi cha 8. Ukishainunua huko Dubai na kuituma kwenye begi la mtu, nani atakurudishia hela?

Basi, kabla hujafungua pochi, waambie waweke programu ya bure ya CPU-Z, wakutumie picha inayoonyesha jina la ubao na soketi. Kisha ingia tovuti ya kampuni iliyoutengeneza, usome ni prosesa zipi ubao unazikubali na toleo gani la BIOS linatakiwa. Waulize na diski pia: kama bado ni ile ya kuzunguka, anza na SSD. Huenda prosesa usiihitaji kabisa.