Risasi na Mtutu Wake

Askari akosapo shabaha ya mbali, lawama ya kwanza huangukia jicho lake na kidole chake. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki, lakini si kila mara.

Ndani ya mtutu mna mifuo iliyojipinda, nayo huizungusha risasi kama pia ya watoto. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, ikilegea hupepesuka. Kadhalika risasi isiyozungushwa vya kutosha huyumba hewani, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyohitaji mzunguko wa kasi zaidi. Mwingereza Greenhill alikwisha kuitolea jambo hilo kanuni mwaka 1879.

Hata hivyo Marekani ilijifunza upya. Mifuo ya awali ya bunduki iliyokuja kuitwa M16 ilikamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 14. Katika majaribio ya baridi kali, ambako hewa ni nzito zaidi, risasi ziliyumba. Mwaka 1963 kipimo kikawa inchi 12. Mwaka 1980 NATO ikachagua risasi ndefu zaidi, SS109, na bunduki ya M16A2 ikapewa mifuo ya inchi 7.

Hapo ndipo penye hatari kwa jeshi lenye ghala la mchanganyiko. Risasi hiyo huingia barabara katika M16A1 ya zamani, na mlio ni ule ule. Lakini ikipita mita 100 hivi, shabaha huharibika, na mpigaji aweza kuadhibiwa bure. Mkaguzi makini hutazama kwanza karatasi ya shabaha: matundu yakiwa marefu badala ya mviringo, risasi zimefika kwa ubavu.