Usiku Kanisa Lilipowafungulia Mlango Wacheza Dansi

Akina mama tunapokutana katika vikundi vyetu, swali moja halikosi kuzuka: tufanyeje na watoto wetu wanaopenda kucheza? Huyu anasema binti yake hashikiki kwa mazoezi ya dansi. Yule anasema kijana wake ameacha kwaya kwa kuwa wazee walimkemea juu ya miondoko yake. Wengi wetu hujibu haraka: "Mkataze." Lakini je, tukishamkataza, anakwenda kuchezea wapi?

Mwezi huu tumeona vema tuwasimulie habari ya kanisa moja lililokutana na swali hilo. Kanisa hilo lipo New York, Marekani, nalo linaitwa Judson Memorial. Lilijengwa na mchungaji wa Kibaptisti, Edward Judson, kwa ukumbusho wa baba yake Adoniram Judson, mmisionari aliyetafsiri Biblia katika lugha ya watu wa Burma.

Vijana wasio na mahali

Mwaka 1960 mwanamuziki Robert Dunn alianzisha darasa la utunzi wa dansi mjini humo. Hakuwafundisha vijana kuiga hatua za mwalimu. Aliwapa kazi ya kutunga wenyewe: pengine wapange mwendo kwa kutupa dadu, pengine kwa kufuata hesabu ya muziki. Kisha wote waliketi na kuzungumza juu ya kilichofanyika.

Baada ya muda walikuwa na kazi nyingi, lakini hawakuwa na pa kuzionyesha. Baadhi yao walikwenda kujaribiwa katika ukumbi mmoja wa mjini, wakakataliwa. Ndipo walipobisha hodi kanisani Judson. Mchungaji mkuu alikuwa Howard Moody, na msaidizi wake Al Carmines ndiye aliyeshughulikia sanaa. Carmines alikuwa mtu wa muziki, si wa dansi. Hata hivyo aliwatazama, akawasikiliza, na kanisa likawapa nafasi. Halikuwadai wacheze habari za Biblia.

Jioni ya tarehe 6 Julai 1962

Ilikuwa siku ya Ijumaa yenye joto kali. Hapakuwa na kiingilio. Watu wapatao 300 waliingia kanisani, wakakaa zaidi ya saa tatu wakitazama kazi 23 za watunzi 14.

Walioona walikuwa na mengi ya kusimulia. Dada mmoja, Yvonne Rainer, alicheza huku akitaja mitaa aliyowahi kuishi. Katika kazi ya Steve Paxton wachezaji walitembea tu, na mmoja akala tunda na kunywa bilauri ya maji mbele ya watu. Hapakuwa na maleba ya fahari wala hadithi ya mfalme na malkia.

Bila shaka msomaji atauliza: kula tunda nako ni dansi? Vijana wale walitaka kuonyesha kwamba mwendo wa kila siku wa mwanadamu wa kawaida unastahili kutazamwa kwa makini. Sisi tusishangae sana. Wasukuma wana ngoma ya bugobogobo, inayochezwa na majembe mkononi, na mwendo wake umetoka shambani. Mama anayepepeta mchele, au anayembembeleza mtoto mgongoni huku akikoroga chungu, anaujua mdundo wa kazi yake kuliko mtu yeyote.

Baada ya jioni ile vijana waliendelea kukutana kila wiki, na kanisa likawapa ukumbi wake wa mazoezi. Kila mmoja alionyesha alichotunga, na wenzake wakamwambia walichokiona. Kutokana na kundi hilo walitokea watunzi waliojulikana duniani, kama Trisha Brown na Lucinda Childs. Paxton alianzisha mwaka 1972 namna ya kucheza ambayo wawili huegemeana na kubebana uzito, nayo imeenea nchi nyingi. Mwaka 2018 jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliandaa maonyesho maalumu juu ya kazi zao.

Mlango wazi una gharama

Hatutaki kuwaficha jambo. Si kila kilichochezwa pale kingempendeza mama Mkristo. Novemba 1970 Rainer na wenzake walicheza humo bila nguo, wamejifunga bendera tu, kupinga watu kushtakiwa kwa ajili ya matumizi ya bendera. Wengi wetu tungetoka nje, na hatuoni aibu kusema hivyo. Mwili ni hekalu, na heshima yake tunailinda.

Hata hivyo tunajiuliza: kama kanisa lingefunga mlango mwaka 1962, vijana wale wangeacha kucheza? Wasingeacha. Wangecheza mahali pasipo na mchungaji wa kuzungumza nao.

Hapa kwetu pia wapo wamisionari wengi waliopiga marufuku ngoma, wakaziona zote kuwa za kipagani. Leo makayamba na ngoma vinasikika katika ibada nyingi, na kwaya zinacheza mbele ya madhabahu. Kilichokataliwa na bibi zetu wa kanisa kimekuwa sifa kwa wajukuu. Basi tusiwe wepesi wa kuhukumu tusichokielewa.

Mama afanye nini?

Kwanza, nenda ukatazame mazoezi ya mwanao kabla ya kutoa hukumu. Pili, mjue mwalimu wake, mahali wanapokutana na saa ya kurudi nyumbani. Tatu, mwombe mtoto akueleze alichokusudia katika mchezo wake. Ukimsikiliza kwanza, naye atakusikiliza utakapomweleza habari ya mavazi na staha. Nne, mzee wa kanisa akilalamika, usimwachie mtoto ajibu peke yake. Nendeni pamoja mkazungumze.

Tunamkumbuka Miriamu aliyewaongoza wanawake kwa matari na kucheza baada ya kuvuka bahari (Kutoka 15). Tunamkumbuka pia Mikali, aliyemchungulia mumewe Daudi kutoka dirishani akicheza mbele za Bwana, akamdharau moyoni (2 Samweli 6). Daudi alikuwa chini pamoja na watu, na Mikali alikuwa juu peke yake. Akina mama wenzetu, tusiwatazame watoto wetu kutoka dirishani. Tushuke, tuketi karibu nao, tutazame hadi mwisho, ndipo tuseme.