TIBA YA UMEME: JAMAA WAULIZE KABLA YA KUTIA SAHIHI

Tuchukue mfano wa mama wa Masafu ambaye mwanawe, askari, amerejea likizo akiwa hali, hasemi, wala hajibu aitwapo. Majirani hunong'ona kuwa amelogwa. Wengine humwonya mama huyo: "Usimpeleke hospitali ya vichaa, watamchoma umeme!" Hofu hiyo huwaweka wagonjwa wengi nyumbani hadi wanadhoofika kabisa. Basi yafaa tuieleze tiba hii, bila kuisifu kupita kiasi wala kuitukana.

Ilianza Roma mwezi wa Aprili 1938. Polisi walimwokota mtu akizurura stesheni ya reli, maneno yake hayaeleweki, wakampeleka kwa madaktari. Ugo Cerletti na mwenzake Lucio Bini wakapitisha umeme kichwani mwake ili kumtia degedege, kwani wakati huo madaktari waliamini kuwa degedege huweza kuituliza akili. Mtu yule alipata nafuu, lakini hapakuwa na aliyemwomba idhini.

Tiba ikaenea duniani upesi. Siku zile mgonjwa alipewa umeme akiwa macho, misuli ikikakamaa kwa nguvu hata mifupa ikavunjika. Ndiko ilikotoka sifa yake mbaya. Tangu miaka ya mwanzo ya 1950 njia imebadilika: mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, hupewa dawa ya kulegeza misuli, na husaidiwa kupumua. Umeme hupita kwa sekunde chache tu, na degedege kwa kawaida haizidi dakika moja. Hurudiwa mara mbili au tatu kwa juma, jumla mara sita hadi kumi na mbili.

Matumizi yake yamepanda na kushuka. Dawa za vidonge na sindano zilipopatikana baada ya 1952, umeme ulipungua sana katika nchi nyingi. Mwaka 1975 filamu moja ya Marekani iliyouonyesha kama adhabu ikazidisha chuki. Tangu miaka ya 1980 madaktari wameurudia kwa uangalifu zaidi. Uchunguzi wa dunia nzima uliotolewa 2012 ulionyesha tofauti kubwa: Ulaya na Marekani wanaopewa zaidi ni wanawake wazee wenye huzuni nzito, ilhali katika nchi nyingi za Asia ni vijana wenye skizofrenia. Tena katika sehemu za Asia na Afrika ulikuwa bado ukitolewa bila dawa ya usingizi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba desturi hiyo ikomeshwe, na kwamba watoto wasipewe tiba hii.

Umeme haufai kila ugonjwa. Humfaa hasa mwenye huzuni nzito anayekataa chakula au kutaka kujiua, na yule aliyeganda asiyesema wala kusogea. Wengi wa hao hupata nafuu upesi kuliko kwa vidonge. Lakini una gharama zake: kichwa kuuma, kuchanganyikiwa kwa saa chache, na usahaulifu. Baadhi husahau mambo ya miezi iliyotangulia, na wengine hawayakumbuki tena. Anayeficha jambo hili hamtendei haki mgonjwa. Nafuu nayo huweza kurudi nyuma kama dawa hazifuatishwi.

Mama wa Masafu afanyeje? Aanzie hospitali ya Masafu, kwani malaria ya kichwa na maradhi mengine huweza kufanana na wazimu. Akihitaji zaidi, ipo hospitali kuu ya Mbale, na juu yake Butabika, Kampala, iliyofunguliwa 1955. Jamaa zake wa ng'ambo ya mpaka wanayo Mathari, Nairobi.

Na daktari akitaja umeme, jamaa waulize: Kwa nini umeme na si dawa? Atapewa dawa ya usingizi? Nani atamwangalia akipumua? Atasahau nini? Mgonjwa mwenyewe, awezapo kusema, asikilizwe kwanza.

Yule mtu wa Roma hakuulizwa neno. Mwana wa Masafu, awe na magwanda au asiwe nayo, anastahili kuulizwa.