Gurudumu Kuingia Si Gurudumu Kukaa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulijifunza kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Leo nataka tuyatumie kwenye tatizo ambalo wenye magari wa Garissa, Wajir na Mandera wanaliishi bila kulijua jina: matairi ya theluji katika nchi ambayo joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara.

Yamefikaje huku? Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na huko, hasa Hokkaido na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, mwenye gari huwa na seti mbili za magurudumu: moja ya kiangazi, moja ya baridi. Zamani ile ya baridi ilikuwa na misumari ya chuma, lakini misumari ilisaga lami hadi miji ikajaa vumbi, na sheria ya mwaka 1990 ikaibana. Badala yake likaenea tairi lisilo na misumari, lenye mpira laini unaobaki mnyumbufu hata maji yakiganda. Gari likiuzwa majira ya baridi, linapanda meli na magurudumu liliyovaa siku hiyo. Mara nyingi seti hiyo ina rimu za chuma za kawaida, kwa sababu chumvi ya barabarani huharibu zile za aloi.

Mnunuzi wa Garissa anaona meno marefu, tairi jipya kabisa, anafurahi. Naomba ainame alitazame vizuri. Kama pana neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, na meno yamechanjwa vijistari vyembamba kana kwamba kwa wembe, hilo ni tairi la theluji. Mpira wake umekusudiwa baridi ya chini ya nyuzi 7. Juu ya lami ya moto unalegea, meno yanayumba gari likikata kona, breki zinachukua mwendo mrefu zaidi, na tairi linaisha upesi. Ukiacha lami ukaingia kwenye mawe ya chokaa ya Wajir, vijistari vile ndipo meno yanapoanzia kung'oka. Umri nao usiusahau: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu hayaonyeshi umri.

Basi umeamua kubadilisha. Hapa ndipo kosa la pili linapotokea, kwa kuwa watu hununua gurudumu kwa kuhesabu nati peke yake. Nati tano zinaweza kuwa kwenye mduara wa milimita 100, 112, 114.3 au 150, na mduara wa 112 na ule wa 114.3 inakaribiana kiasi kwamba fundi mwenye haraka atailazimisha rimu ya Mercedes ikae kwenye Toyota. Itaingia. Lakini nati zitakuwa zimekaa upande, na kila shimo la barabarani linazidi kuzilegeza.

Hata mduara ukiwa sawasawa, tazama tundu la katikati. Rimu nyingi za Nissan zina tundu la milimita 66.1, habu ya Toyota nyingi za nati tano ni 60.1. Rimu hiyo itaingia bila kusukumwa, nati zitakaza, na bado pana nafasi ya milimita tatu kila upande. Ukifika kilomita 90 kwa saa usukani unatetemeka, unaambiwa ni balansi, unalipia balansi, na usukani unatetemeka tena. Dawa ni pete ya kujaza pengo hilo. Kwa joto letu na joto la breki, tafuta ya alumini, si ya plastiki.

Nati zenyewe pia. Rimu ya chuma hukazwa kwa nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutaka nati bapa yenye washa. Ukitoa seti ya chuma ya theluji ukaweka ya aloi, badilisha na nati.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni uzito. Chukua Probox, punda wetu wa barabara hizi. Toleo lililoanza 2014 hutoka na tairi la 155/80R14 lenye herufi LT, namba ya mzigo 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi. Dukani lipo 175/65R14, pana zaidi, linapendeza, na rimu ni ileile ya inchi 14. Lakini namba yake ya mzigo kwa kawaida ni 82, yaani kilo 475. Umepoteza kilo 85 kwa kila tairi, kilo 340 kwa gari zima, karibu magunia manne ya kilo 90. Na kwa kuwa kimo chake kimepungua kutoka milimita 604 hadi 583, tumbo la gari limeshuka sentimita moja, na kipimo cha spidi kinakuonyesha mwendo mkubwa kuliko ule unaokwenda kweli. Gari la kubeba maziwa ya ngamia na abiria kutoka Modogashe halistahimili hesabu hiyo. Tairi linalopakiwa kupita kiasi linapinda sana ubavuni, kupinda kunazaa joto, na joto hilo linaongezeka juu ya lile la jua. Tairi lililopasuka kando ya njia ya Liboi mara nyingi lilianza kufa dukani.

Kwa hiyo fungua mlango wa dereva, soma kibandiko cha kiwandani, uingie dukani na namba hizo. Tairi jipya linaweza kuwa na namba ya mzigo kubwa kuliko ya kibandiko, ndogo, kamwe. Kimo kisipishane na cha asili kwa zaidi ya asilimia tatu. Na usikubali kushawishiwa na rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi: kwenye korogesheni na mashimo ubavu mrefu ndio unaookoa rimu.

Siku ya kufunga, nati zote zianze kwa mkono, kisha zikazwe kwa kupishana, gari likiwa chini. Ukitoka Garissa ukafika Dadaab, umetembea kama kilomita 100. Simama, toa spana, uzikaze tena.

Juma lijalo: Land Cruiser za 7.50R16, tyubu zake, na rimu za pete zinazoua mafundi wa pancha.