Mzigo ukiwa haba, unampa nani kwanza?

Wauzaji wenzangu, kupandisha bei sio dhambi. Kinachomkera mteja ni kushtukizwa.

Angalia Raspberry Pi, kampuni ya Uingereza inayotengeneza kompyuta ndogo za bei nafuu. Mwaka 2021 chipu ziliadimika dunia nzima. Oktoba wakapandisha bei kwa mara ya kwanza: Pi 4 yenye RAM ya GB 2 ikatoka dola 35 hadi 45. Walifanya hivi:

1. Walieleza sababu hadharani, wakasema ni kwa muda tu.
2. Kwa mwenye dola 35 zake, walirudisha sokoni ile ya GB 1.
3. Mzigo mchache waliwatanguliza wenye viwanda na biashara zinazotegemea bodi hizo.

Hiyo ya tatu iliuma. Wanunuzi wa kawaida walinung'unika sana.

Mimi nauza chaja na vioo vya simu. Vioo vikipungua, fundi anayechukua kila wiki namwekea kwanza, maana bila kioo hana kazi. Wengine nawaambia ukweli mapema, sio "njoo kesho" kila siku.

Wewe zikibaki pisi tano, unampa nani? Tuambie kwenye komenti 👇