Mrututu Katika Tangi la Samaki

Mrututu si kitu kigeni katika visiwa vyetu. Wazee waliutumia kutibu vidonda, na wengi wetu twaikumbuka rangi yake ya buluu dukani. Huo ni shaba iliyoungana na asidi ya salfa. Nguvu ya shaba dhidi ya viumbe vya bahari nayo ni habari ya zamani: tangu karne ya 18 meli za Ulaya zilivikwa mabati ya shaba chini ya maji ili wadudu wasizitoboe mbao.

Leo dawa hiyo imeingia katika matangi ya wafugao samaki wa mapambo, na ya wale wanaowaweka karantini kabla ya kuwasafirisha ng'ambo, kama ifanyikavyo katika pwani ya Kenya. Kitatange au kangaja akitokwa na madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, mara nyingi ameingiwa na kidudu, na shaba ni miongoni mwa dawa zinazotibu. Hatuna ugomvi na dawa. Tunachokihofia ni mkono unaoitia kwa kukisia.

Kipimo kinachokubalika cha shaba huru ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 katika kila lita ya maji. Chini ya hapo kidudu husalimika. Juu yake samaki mwenyewe huanza kudhurika. Kwa kuwa shaba ni kama robo tu ya uzito wa mrututu, tangi la lita 100 halihitaji zaidi ya miligramu 80 za mrututu safi, yaani takriban uzito wa punje 4 za mchele. Kijiko kimoja cha chai ni zaidi ya mara 50 ya kiasi hicho! Na hata hizo punje 4 hazitiwi kwa mkupuo, bali kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maji yakipimwa asubuhi na jioni kwa kipimo cha shaba. Dawa za chupa ambazo shaba yake imefungwa na kemikali nyingine zina viwango vyao, tena vikubwa zaidi. Mwenye kuzitumia afuate maandishi ya chupa, asichanganye hesabu hizi mbili.

Tangi la karantini liwe tupu, bila mchanga wa pwani wala jiwe la matumbawe, kwani chokaa huinyonya shaba na kipimo kikapotea. Amonia nayo ichunguzwe, maana samaki mgonjwa katika maji machafu hufa kwa uchafu, kisha lawama ikaangukia dawa. Papa na taa wasitiwe humo kabisa.

Wengi hukosea kwa haraka. Shaba haimwui kidudu aliye ndani ya ngozi ya samaki, wala aliyejifunika ganda sakafuni. Humwua kinda lake tu, linapoogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Ndiyo maana madoa yakitoweka siku ya tano ugonjwa haujaisha, na dawa huendelea kwa wiki 3 hadi 4.

Sasa twafika kwenye jambo linalowahusu hata wasiofuga samaki. Maji hayo yakishatumika humwagwa wapi? Shaba inayovumiliwa na samaki huua kamba, kaa, jongoo bahari na matumbawe, na hudhuru mwani, ambao ni riziki ya akina mama wengi katika visiwa hivi. Ndoo moja haitauangamiza mwamba, hatutaki kutia chumvi. Lakini ghala lenye matangi mengi, likimwaga kila mwezi katika hori lile lile, ni jambo jingine.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara za uvuvi na mazingira wasitoe kibali cha kusafirisha samaki hai kabla ya kuona mambo mawili: kipimo cha shaba kinachofanya kazi, na pipa la kuwekea maji ya dawa mpaka yachujwe kwa mkaa maalumu wa kunasa shaba na kupimwa tena. Mkaa huo ukishatumika usitupwe ufukweni wala karibu na kisima, na wenye matangi waelezwe rasmi pa kuupeleka.